Somo: Kuoanisha Amplifaya na Sabufa katika Gari la Abiria

Miongoni mwa maombi ya mikopo yanayofikishwa mbele ya kamati za vyama vya uchukuzi nchini Kenya, ombi la mwanachama anayetaka kuweka muziki garini si jambo geni tena. Zamani kamati ilizoea kusoma maombi ya matairi, injini na bima. Siku hizi, hasa kwa magari yanayofanya kazi katika njia za Nairobi, muziki umekuwa sehemu ya biashara. Abiria kijana huliacha gari kimya lipite akangojea lile lenye mvumo, na mwenye gari aliye na deni la kulipa hawezi kulipuuza hilo. Basi karatasi ya fundi huletwa ofisini ikiwa imejaa majina ya vifaa na tarakimu kubwa kubwa za wati, na katibu huombwa aipitishe. Somo hili lakusudia kumwezesha katibu, na mwanachama mwenyewe, kuisoma karatasi hiyo na kuielewa kabla fedha hazijatoka.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, wenye matatu nchini humo wametakiwa kuendesha kazi yao chini ya vyama vya ushirika au kampuni, na kanuni za mwaka 2014 zikataka kila chombo cha namna hiyo kiwe na magari yasiyopungua 30. Kwa sababu hiyo kosa la fundi mmoja halibaki kuwa hasara ya mwenye gari peke yake. Gari likilala gereji wiki mbili kwa sababu alteneta imeungua, marejesho ya mkopo huchelewa, wadhamini huitwa, na fedha ambazo zingemfaa mwanachama mwingine hukosekana. Gari likishika moto njiani likiwa na abiria, hasara haihesabiki tena kwa shilingi.

Vifaa na kazi zake

Redio ya gari hutoa ishara dhaifu. Amplifaya huipokea ishara hiyo na kuikuza kwa kutumia umeme wa gari. Sabufa ni spika kubwa, aghalabu yenye upana wa inchi 10, 12 au 15, iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito tu, yaani zile zenye mitetemo kama 20 hadi 100 kwa sekunde: ngoma kubwa, gitaa la besi, na ule mvumo unaosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Nyuma ya koni yake mna koili ya waya mwembamba iliyokaa katikati ya sumaku. Umeme ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo koni huisukuma hewa. Koili hiyo ndiyo ya kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa karibu kila kosa la kuoanisha huishia hapo: ama koili huungua, ama huivuta amplifaya kupita uwezo wake hadi amplifaya ikaungua badala yake.

Tarakimu za boksini

Jambo la kwanza la kumpotosha mnunuzi ni wati. Redio nyingi za gari zimeandikwa kwamba hutoa wati 50 kwa kila spika kati ya spika nne. Tarakimu hiyo haikubuniwa tu, lakini wala si nguvu ambayo redio hiyo yaweza kuitoa saa nzima. Injini ikizunguka, umeme wa gari la volti 12 hupanda hadi kiasi cha volti 14.4. Spika ya kawaida ya gari ina ukinzani wa omu 4. Kanuni ya umeme yasema kwamba nguvu ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu. Basi 14.4 mara 14.4 ni 207.36, gawanya kwa 4, jibu ni wati 51.84. Hicho ndicho kilele cha wimbi la umeme, kinachofikiwa kwa kitambo kidogo sana na kuachwa papo hapo. Nguvu ya kudumu ya wimbi laini ni nusu ya kilele chake, yaani kama wati 26, na kikiondolewa kinachopotea ndani ya redio yenyewe hubaki karibu na wati 20. Ndiyo maana gari linalotaka sauti nzito halina budi kuwekewa amplifaya ya pembeni, ambayo ndani yake mna sehemu ya kuzipandisha volti za gari kabla ya kuzitumia.

Kwa amplifaya na sabufa zenyewe chumvi huzidi. Boksi lililoandikwa wati 3,000 kwa herufi za dhahabu mara nyingi hutaja nguvu ya kilele, na pengine hata hiyo si ya kweli. Maneno MAX na PEAK yapitwe. Kinachotafutwa ni herufi RMS, ambazo ndizo zinazoambatana na nguvu ya kudumu. Mwaka 2003 watengenezaji wa vifaa vya elektroniki wa Marekani walitoa kipimo kiitwacho CEA-2006, ambacho humtaka mtengenezaji anayekifuata apime nguvu ya amplifaya ya gari kwa volti 14.4, kwa omu 4, na kwa mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Kukifuata ni hiari; kwa hiyo amplifaya isiyotaja kipimo chochote si lazima iwe mbovu, bali tarakimu zake hazina shahidi.

Katibu asiye fundi anayo njia nyepesi ya kumpata shahidi huyo. Aziangalie fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu isiyoingia. Ikiwa ina fyuzi mbili za ampea 30, basi mkondo wake wa kudumu hauwezi kuzidi sana ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalotembea, upate wati 828 zinazoingia. Amplifaya za aina ya D, ambazo ndizo zinazotumiwa sana kwa sabufa, hugeuza kama asilimia 80 ya umeme huo kuwa sauti na kuipoteza sehemu iliyobaki kuwa joto. Kwa hiyo zinazotoka ni kama wati 660. Ikiwa boksi limeandika 3,000, kamati ijue inanunua 660. Amplifaya kubwa sana huuzwa bila fyuzi za ndani, na kwa hizo kipimo hiki hakifai; lakini kwa zile zinazouzwa kwa wingi madukani kinafaa, nacho hakimgharimu mtu kitu.

Ukinzani, yaani omu

Omu huitwa kwa jina la mwalimu Mjerumani, Georg Simon Ohm, aliyeichapa kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kwa volti zilezile, ukinzani ukipungua kwa nusu, mkondo huongezeka maradufu. Amplifaya inayotoa wati 300 kwa omu 4 yaweza kutoa 500 kwa omu 2, kwa kuwa njia ya umeme imekuwa pana zaidi. Mafundi huipenda habari hiyo, nao hushawishika kuipanua njia zaidi na zaidi. Lakini kila amplifaya ina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa katika kijitabu chake. Amplifaya ambayo mpaka wake ni omu 2 ikiunganishwa na omu 1, huombwa mkondo usioiweza. Kwanza hupata joto hadi mkono hauwezi kuishika. Kisha taa yake nyekundu huwaka na sauti hukatika. Na ikiwa haina kinga nzuri, transista zake huungua moja kwa moja.

Hapa ndipo makosa mengi ya ununuzi hufanyika, na hapa yafaa kutua.

Sabufa nyingi za leo zina koili mbili katika koni moja, kila koili na ncha zake. Koili zikiunganishwa kwa mfuatano, yaani umeme upite moja kisha uingie nyingine, omu hujumlishwa. Zikiunganishwa kwa usambamba, yaani umeme uzigawanyikie zote kwa pamoja, omu za koili mbili zinazolingana huwa nusu ya koili moja. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 yaweza basi kuwa omu 8 au omu 2, lakini haiwezi kuwa omu 4 isipokuwa koili moja iachwe bila kazi, nako huko ni kuipunguzia uwezo.

Ichukuliwe kwamba mwanachama amenunua sabufa mbili za namna hiyo, kila moja na koili mbili za omu 4, pamoja na amplifaya inayotoa wati 500 kwa omu 2 na ambayo hairuhusiwi kushuka chini ya hapo. Koili zake ni nne kwa jumla. Zote zikiwekwa kwa usambamba, ukinzani ni omu 1. Zote zikiwekwa kwa mfuatano, ni omu 16. Kila sabufa ikiunganishwa kwa mfuatano kuwa 8, kisha sabufa zote mbili kwa usambamba, ni omu 4. Na kila sabufa ikiunganishwa kwa usambamba kuwa 2, kisha zote mbili kwa mfuatano, ni omu 4 vilevile. Hakuna njia nyingine ya kuzitumia koili zote nne kwa haki. Omu 2 anazozihitaji hazipatikani hata fundi akeshe. Atachagua omu 4, apate wati 300 za amplifaya aliyoilipia 500. Au atachagua omu 1, na kabla ya mwisho wa mwezi awe anaomba mkopo wa amplifaya nyingine. Mwanachama huyohuyo angalinunua sabufa zenye koili mbili za omu 2, kila moja ingeunganishwa kwa mfuatano kuwa 4, na mbili kwa usambamba kuwa 2 kamili. Pengine bei ingekuwa ileile, na sura ya spika ileile. Tofauti ni tarakimu moja iliyoandikwa nyuma ya sumaku.

Kwa hiyo mpango wa kuunganisha huchorwa kabla ya kununua. Fundi anayesema ataona akishavipata vifaa hajapanga kitu.

Amplifaya ya njia mbili ina jambo lake la ziada. Njia zake zikiunganishwa pamoja kuendesha sabufa moja, kila njia huona nusu tu ya ukinzani. Sabufa ya omu 4 huonekana kwa kila njia kama omu 2. Sabufa ya omu 2 huonekana kama omu 1. Amplifaya iliyoandikwa kwamba inavumilia omu 2 kwa kila njia isidhaniwe kuwa inavumilia omu 2 njia zikiwa zimeunganishwa.

Kabla amplifaya haijawashwa, fundi apime ncha za sabufa kwa mita. Koili ya omu 4 kwa kawaida husomeka kama 3.5, kwa sababu mita hupima waya uliotulia, na ukinzani wa koili inayocheza hupanda na kushuka kwa kadiri ya sauti inayopigwa. Usomaji wa chini kidogo hauna neno. Usomaji ulio nusu ya uliotarajiwa una maana kwamba nyaya zimeunganishwa vingine. Sabufa za omu zisizolingana zisichanganywe kwenye amplifaya moja, kwa kuwa moja itanyang'anya nguvu ya mwenzake.

Nguvu ya amplifaya na uwezo wa sabufa

Omu zikishakubaliana, ndipo wati hulinganishwa, RMS kwa RMS. Amplifaya inayotoa wati 500 kwa sabufa mbili huipa kila moja 250. Sabufa zenye uwezo wa 250 hadi 300 kila moja zatosha.

Kuna usemi wa gereji kwamba amplifaya ndogo ndiyo inayounguza sabufa kubwa. Usemi huo una ukweli wa nusu, na nusu hiyo yafaa kuelezwa vema. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa kama la pembe nne. Wimbi la pembe nne lenye kilele kilekile hubeba nguvu maradufu ya wimbi laini. Basi amplifaya ya wati 500 iliyosukumwa vibaya yaweza kuimwagia sabufa karibu na wati 1,000, na koili ya wati 500 haitadumu. Lakini amplifaya ya wati 150 hata ikikatwa kabisa haifiki mbali kupita 300, na sabufa ya 500 haitaungua kwa hizo. Itakoroma tu na kuwaudhi abiria. Hatari, kwa hiyo, haiko katika udogo wa amplifaya bali katika kuisukuma.

Na kinachoisukuma aghalabu ni kile kitufe kidogo ambacho mafundi hukiita geini. Wengi hukidhania kuwa kitufe cha sauti na hukizungusha hadi mwisho ili mteja aondoke gereji akiwa ameridhika. Kazi yake ni nyingine: huilinganisha amplifaya na ishara inayotoka redioni. Njia ya haki ya kukiweka ni hii. Sabufa zifunguliwe nyaya. Besi ya nyongeza izimwe. Sauti ya redio ipandishwe hadi robo tatu. Upigwe mlio wa majaribio wa mitetemo 50 kwa sekunde. Na mita, ikiwa kwenye volti za umeme geu, iwekwe katika matokeo ya amplifaya. Geini izungushwe polepole hadi mita isome volti zinazostahili, kisha iachwe hapo. Volti hizo hupatikana kwa kuzidisha wati kwa omu na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa wati 500 na omu 2, ni kipeuo cha pili cha 1,000, yaani volti 31.6. Kwa wati 300 na omu 4, ni kipeuo cha pili cha 1,200, yaani volti 34.6. Mwenye gari aandike tarakimu hiyo na kuitia alama, kwa sababu utingo wa zamu ya usiku atataka kuongeza.

Umeme unatoka wapi

Amplifaya ya wati 1,000 za kweli, ya aina ya D, huomba wati 1,250. Kwa volti 13.8 huo ni mkondo wa ampea 90. Alteneta za magari mengi madogo ya abiria hutoa baina ya ampea 60 na 100, na humo humo zimo taa, feni, wipa na kuchaji betri. Muziki hauvuti nguvu yote wakati wote. Mapigo ya ngoma huja na kupita, na wastani wake huwa chini sana ya kilele. Hata hivyo gari linalosimama stendi nusu saa injini ikizunguka polepole na muziki ukiwa juu hutumia akiba ya betri, kwa kuwa alteneta isiyozunguka kwa kasi haitoi ampea zake zote. Dalili huonekana usiku: taa hufifia kila ngoma inapopigwa.

Wengine huuziwa kapasita ya faradi 1, yenye taa za rangi, wakiambiwa ndiyo tiba. Kifaa hicho hakizalishi umeme. Kikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 hutoa juli zisizozidi 32, ambazo kwa amplifaya iliyotajwa haziwezi kutosha hata sehemu moja ya 30 ya sekunde. Fedha hizo zingefaa zaidi kwenye betri nzuri au alteneta kubwa zaidi.

Magari ya abiria 33 yaliyojengwa juu ya chasi za lori yana tabu ya pekee. Mengi hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali amplifaya nyingi zimetengenezwa kwa volti 12. Fundi mvivu hutoa waya katikati ya betri hizo mbili na kuilisha amplifaya kwa betri moja. Muziki hupiga vizuri, gari hukabidhiwa, na ugonjwa huanza. Alteneta huzichaji betri zote mbili kana kwamba ni moja. Betri inayolisha muziki haijai kamwe, na mwenzake, isiyotumika, huchajiwa kupita kiasi hadi maji yake yakauke. Katika miezi michache zote mbili hufa, na mwenye gari hulaumu duka la betri. Gari kama hilo lahitaji kipunguza volti kutoka 24 hadi 12 chenye ampea za kutosha, au kisawazishi cha betri. Kipunguza volti cha ampea 20 kinatosha redio. Hakitoshi amplifaya inayoomba 90. Tarakimu hiyo iandikwe katika karatasi ya fundi.

Nyaya na fyuzi

Hapa ndipo hesabu ndogo huokoa gari zima. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, wenye urefu wa mita 6 kutoka kwenye betri hadi nyuma ya gari, una ukinzani wa omu 0.0175. Mkondo wa ampea 90 ukipita humo, volti 1.6 hupotea njiani, na wati 142 hugeuka kuwa joto chini ya zulia na viti. Waya wa milimita 25 za mraba kwa urefu huohuo hupoteza chini ya volti 0.4, na joto lake ni kama robo. Wanunuzi wajihadhari na waya mnene wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba halisi. Ukikwanguliwa kwa kisu rangi nyeupe huonekana.

Fyuzi kuu hukaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye ncha yake. Kazi yake si kuilinda amplifaya, bali ni kuulinda waya. Fyuzi ikiwa nyuma ya gari karibu na amplifaya, na waya ukachubuka ulipopenya chuma cha bodi, mkondo wote wa betri hupita mahali palipochubuka bila kizuizi, na hapo ndipo moto huanzia. Kila tundu la chuma ambamo waya hupita liwekewe mpira. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule wa chanya, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Boksi na masikio

Sabufa bila boksi linaloifaa ni hasara, hata ikiwa na amplifaya iliyooana nayo. Hesabu za boksi ziliwekwa wazi na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970, na karatasi ya mtengenezaji hutaja ujazo kwa lita. Boksi lililofungwa pande zote huvumilia makosa madogo. Boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi, lakini chini ya sauti lililopimiwa koni hukosa hewa ya kuizuia na hupigapiga ovyo. Kichujio cha kuzikata sauti hizo za chini kabisa kisikosekane. Sabufa yenye wepesi wa desibeli 90 kwa wati moja hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 87 inayopewa nguvu maradufu. Kuongeza wati kutoka 500 hadi 1,000 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo abiria wengi hawataitambua, ijapokuwa mwenye gari ataitambua katika bei.

Taasisi ya afya ya kazini ya Marekani hushauri mfanyakazi asizidishe saa 8 katika kelele ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100 muda ni dakika 15. Abiria hushuka, dereva na utingo hubaki humo kutwa. Nchini Kenya zipo pia kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, na chama kisiidhinishe mkopo wa kitu kitakachomfikisha mwanachama mahakamani.

Karatasi ya fundi

Katibu anapoipokea karatasi, aitafute mchoro wa kuunganisha koili na jumla ya omu iliyoandikwa wazi. Mpaka wa omu wa amplifaya. Wati za RMS kwa omu hizo. Ampea za alteneta ya gari hilo hasa, si ya magari ya namna hiyo kwa ujumla. Unene wa waya kwa milimita za mraba na aina yake. Na mahali pa fyuzi kuu. Kisichoandikwa kirudishwe kwa fundi kiandikwe. Fundi hodari hataudhika, kwani hesabu hizo keshazifanya.

Zoezi la kikundi

1. Amplifaya imeandikwa wati 2,000. Ina fyuzi mbili za ampea 25. Kwa volti 13.8, na ikigeuza asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, kadiria nguvu yake ya kudumu.

2. Mwanachama ana sabufa mbili, kila moja na koili mbili za omu 2. Tajeni omu zote zinazoweza kupatikana kwa kutumia koili zote nne kwa haki. Ni ipi inayoifaa zaidi amplifaya ambayo mpaka wake ni omu 2?

3. Geini iwekwe kwa volti ngapi ili amplifaya itoe wati 400 kwa omu 2?

Majibu: (1) wati 552, (2) omu 8, 2 na 0.5, na inayofaa zaidi ni 2; (3) volti 28.3.